Vikorokoro vya kichwa cha treni: vinabanduka, vinapiga shoti, vinatoa treni relini. Tuangalie dalili moja moja

Wanaochezea treni za modeli hapa Unguja na Pemba si wengi ila maswali yanayokuja ni yale yale, mtu kaletewa vikorokoro vyake na ndugu yake alotoka Uingereza au Oman, honi, kengele, vishikio vya mkono, ngazi, mipira ya breki, taa, kakaa usiku kucha anabandika kwenye kichwa cha treni na kimependeza kweli, halafu wiki ya pili vishaanza kudondoka au treni ndo haitembei tena. Karibu kila mtu analaumu gundi, asolaumu gundi analaumu kiwanda. Mie nshafungua vichwa vingi vya watu na nnavoona tatizo mara nyingi limeanza kabla hata ya kichupa cha gundi kufunguliwa, kitu hakikusafishwa, hakikutobolewa, hakikujaribiwa, na hewa yetu hii ya chumvi na unyevu inamalizia kazi.

Nimepanga kwa dalili. Sababu ya mwanzo kila mahali ndo ile nnayokutana nayo zaidi, jaribu hiyo kwanza usikimbilie ya mwisho. Vipimo nilivotia ni vya HO, yaani 1:87, treni ya kweli imepunguzwa mara 87, maana ndo wengi wanayo. Wenye OO ya Kiingereza 1:76 mambo ni hayo hayo, wenye N 1:160 ni hivo hivo ila kila kitu kidogo zaidi na mkono uwe mwepesi zaidi.

Na kabla ya lolote toa kichwa kwenye reli, chomoa adapta ukutani, piga picha kwa simu pande zote nne na chini. Ile picha itakuokoa wakati wa kurudisha nyaya.

Kipande kinabanduka chenyewe

Kwanza kabisa kiokote kile kilodondoka ukigeuze uangalie mgongo wake, tena kwenye mwanga mzuri. Kama kimetoka na ngozi ya rangi basi gundi yako ilishika vizuri sana, iloachia ni rangi ya kichwa. Kama kimetoka kisafi kinang'aa basi gundi haikushika kabisa, hapo kuna mafuta. Kama gundi imebaki nusu huku nusu kule imevunjika kama kioo, kiungo kilikuwa dhaifu au kimegongwa. Dakika moja ya kuangalia hapo inakuondolea kubahatisha kote kunakofuata.

Mafuta ndo sababu kubwa. Vipande vya rezini na vya metali vinatoka kiwandani na mafuta ya kuvitoa kwenye kalibu, halafu juu yake tunaongeza ya vidole vyetu. Tia tone la maji juu ya kipande, likijikusanya kama shanga pana mafuta. Osha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, sugua na mswaki mkuukuu, suuza, acha kikauke vizuri, na kuanzia hapo usikishike tena kwa vidole, tumia kibano.

Rangi inafuata. Usibandike juu ya rangi, kwangua kwa ncha ya wembe pale pale tu kipande kitakapokaa, isizidi, maana kikikaa juu yake hapataonekana. Plastiki ikionekana pitisha msasa laini mara mbili tatu, gundi inapenda mahali palipokwaruzika.

Halafu gundi yenyewe imezeeka. Super gluu inaganda kwa unyevu, na unyevu ndo tulo nao mwaka mzima, sembuse masika. Ukiona inatoka nzito au inavuta nyuzi itupe, usiibembeleze. Nunua vile vitubu vidogo vinavouzwa kwenye kadi pale Darajani, kimoja kwa kazi moja, ni bora kuliko chupa kubwa itayokufia kabatini. Ilobaki iweke friji ndani ya chupa yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavokuja kwenye maboksi ya viatu, na ukiitoa iache nje ipoteze ubaridi kwanza ndo ufungue, ukifungua ikiwa baridi unaingiza umande ndani mwenyewe.

Kama yote hayo sawa na bado kinatoka basi kinataka kipini. Super gluu inashika sana ukivuta moja kwa moja ila ukiigonga kwa ubavu inavunjika, na honi au ngazi ndo inagongwa kwa ubavu kila unapokamata treni. Toboa tundu la milimita 0.5 kwenye kipande na jengine kwenye bodi, tia kipini cha waya, ndo gundi. Waya mzuri kuliko wote hapa kwetu unaupata kwa mafundi wa kuwainda mota, wanatupa vipande vya shaba vya kila unene, wewe omba ule wa 0.3 kwa vishikio na 0.5 kwa vipini, kwangua ile varnishi pale gundi itakaposhika. Vijino vya drili vidogo hivo na kile kishikio cha kuzungusha kwa vidole waulize masonara wa Mji Mkongwe, ni vitu vyao vya kila siku. Usitumie pini za kushonea wala waya wa chuma, kwa hewa hii vinapata kutu ndani ya tundu na kutu inatoka nje ya rangi ikachora mistari ya kahawia.

Ya mwisho, na hii inawatesa watu bure: plastiki yenyewe haishiki gundi. Kuna vishikio vya plastiki laini yenye utelezi, ukikunja havivunjiki, ukikwaruza kwa kucha ni kama nta. Hiyo achana nayo, vitengeneze upya kwa waya.

Simama hapa kama kichwa chako ni cha shaba njano kizima, vile vilivounganishwa kwa mkono Japani au Korea. Vile vimeungwa kwa risasi, ukianza kutia gundi unaharibu thamani yake, na ukitia moto hovyo unakuta kipande cha jirani nacho kimeachia. Mpe anayejua kuchomea vitu vidogo.

Ukungu mweupe kuzunguka kipande

Ni mvuke wa super gluu. Inapokauka inatoa hewa, ile hewa inakutana na unyevu inarudi kuganda kama unga mweupe juu ya bodi, na vioo ndo vinaumia zaidi. Sababu ya kwanza ni gundi nyingi. Chovya ncha ya sindano ndo uguse, usiminye tubu juu ya treni. Sababu ya pili ni kufungia treni kwenye boksi lake mara tu baada ya kubandika, mvuke hauna pa kwenda. Acha wazi usiku mzima, feni ipulize pembeni, si moja kwa moja.

Ukishatokea, jaribu kufuta kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Ukikataa, kwenye bodi isong'aa puliza varnishi ya mati tabaka jembamba na unapotea. Kwenye kioo toa kioo, sugua na dawa ya meno, au kata kipya kutoka kwenye plastiki safi ya paketi. Na siku nyengine vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ile haina mvuke huo.

Usichanganye na weupe wa bodi nzima kama maziwa baada ya kupuliza rangi. Hio ni rangi imenasa unyevu wa hewa, inatokea sana masika na vuli. Subiri siku kavu, mchana wa kaskazi ndo mzuri, puliza tabaka jembamba tena na mara nyingi weupe unaondoka wenyewe.

Plastiki imeyeyuka, imekunjamana au imepasuka

Ukiona pamelainika na pananata usiguse. Usifute! Kila ukifuta unasogeza plastiki. Acha mpaka kesho yake ikauke, ndo upitishe msasa na kujaza.

Mkosaji karibu kila mara ni asitoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, mtu kataka kutoa gundi ilozidi. Inayeyusha bodi hizi za plastiki. Tina na petroli vile vile usivitumie kabisa. Kama lazima usafishe kitu tumia spiriti ya duka la dawa, na hio pia ijaribu kwanza chini ya bodi pasipoonekana maana rangi nyengine zinatoka.

Mpasuko unaoanzia kwenye tundu ni kwamba tundu dogo kipini kikubwa na umelazimisha. Tobolea mkono, si drili ya umeme, ile ya umeme inazunguka kasi plastiki inayeyuka na kuziba tena.

Treni inatoka relini baada ya kubandika vitu

Hapa swali la kwanza, inatoka wapi? Kwenye kona tu, kwenye njia panda tu, au kila mahali? Majibu matatu, sababu tatu tofauti.

Kwenye kona tu, kuna kitu kinagusa. Kigeuze kichwa juu chini kwenye taulo, kamata kile kigari cha chini chenye magurudumu ukizungushe kwa kidole mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia. Kikikwama au kikisita umeshampata. Kama huoni, paka wino wa maka kwenye ngazi na mipira ya breki, endesha pole pole kwenye kona, halafu angalia wapi wino umekwanguka. Kona za seti za kawaida ni kali, inchi 18 yaani milimita 457 kwa HO, na kwa OO kona ya pili ni 438, wakati treni ya kweli haipindi hivo hata siku moja, kwa hiyo kipande kilichopimwa sawasawa na cha kweli hakina nafasi. Kipunguze, kikunje kwa ndani, au kisogeze kikae kwenye bodi badala ya kwenye kigari. Mie nnapendelea kuacha upande mmoja: mbele tia kila kitu, nyuma panapoungwa mabehewa acha ndoana ipumue. Mpira wa breki mzuri unaosukuma ndoana ya kuungia pembeni utatoa relini behewa la nyuma, na utahangaika na behewa bure.

Kwenye njia panda tu, kitu kinaning'inia chini mno. Weka kichwa kwenye reli ilonyooka, pitisha kipande cha kadi nene kati ya reli na chini ya kila kitu ulichobandika. Kadi ikikwama, pandisha.

Kila mahali, usilaumu vikorokoro. Uliporudisha bodi umekaza skrubu ya kigari kupita kiasi, au waya wa taa mpya umelala juu yake unakisukuma. Legeza robo mzunguko, panga waya upya.

Na nongeze jambo kwa wale wanaoigiza treni ya zamani ya Bububu, ile reli ya maili 7 hivi ilojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney mwaka 1905 ikipita kwenye mitaa ya mjini kwenda shamba. Itazameni picha za zamani kwa makini kabla hamjaagiza. Vipande vya Kiingereza na vya Kimarekani havifanani, taa, kengele, mbele kwake, na nnaumia kuona mtu kanunua vya aina moja akabandika vyote kwa sababu vilikuja paketi moja. Historia ile ni yetu, inastahili kupatiwa.

Shoti: taa ya kontrola inawaka nyekundu, treni inasimama au inanguruma

Toa kichwa kwenye reli. Kontrola, kile kiboksi cha kuendeshea treni, ikirudi hali yake shoti iko kwenye kichwa, isiporudi iko kwenye njia au nyaya zako na usiendelee kuchokonoa kichwa.

Sasa vua bodi, weka chasi peke yake kwenye reli. Ikitembea, mkosaji ni kitu cha metali ulichotia kwenye bodi. Vichwa vingi chasi yake ya metali imeungana na reli ya upande mmoja, sasa ngazi ya shaba iloshika chasi ikigusa gurudumu la upande wa pili umeme umepata njia ya mkato. Inatokea mno kwa ngazi za chini, kwa ndoana za metali na skrubu zake, na kwa ule ubao wa mbele wa metali. Shoti inayokuja kwenye kona tu na kupotea kwenye mstari ulonyooka ni hiyo hiyo, kigari kikizunguka kinagusa.

Kama una mita ya umeme pima kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, kwenye kichwa kisicho na dikoda, kile kisahani cha ndani kinachopokea amri za kidijitali. Ikionesha karibu na sifuri ni shoti. Ikionesha omu kadhaa au makumi ni mota tu hiyo, usishtuke, na usitegemee mlio wa mita kwa sababu mita nyengine zinalia hata kwa mota nzima.

Dawa ni kutenganisha. Mafundi simu wana ile tepu ya manjano nyembamba isoungua kwa moto, omba kipande kidogo uzungushie chasi pale inapogusa. Rangi ya kucha isokuwa na rangi inafaa pia ila iwe juu ya metali tu, ikigusa plastiki umerudi kwenye mambo ya asitoni.

Chasi peke yake ikipiga shoti vilevile, angalia waya ulobanwa chini ya skrubu au mabaki ya waya ulokata, kijinywele kimoja tu cha shaba ndani ya gia kinatosha.

Wenye DCC, yaani treni zinazoendeshwa kwa amri za kidijitali kupitia reli, nawaomba sana: kabla ya kutia dikoda hakikisheni miguu yote miwili ya mota haigusi chasi wala reli, mita isioneshe njia yoyote. Mguu mmoja ukigusa dikoda inaungua mara ya kwanza tu unapowasha, haitoi nafasi ya pili. Ukisikia harufu ya kuungua zima, usijaribu tena kuona kama itapona. Na adapta ya ukutani ikipata moto, ikinguruma au ikitoa harufu, haifunguliwi nyumbani. Ndani mna volti 230. Mpelekee fundi umeme au nunua nyengine, khasa kama mtaani kwenu umeme unakatika na kurudi kwa kishindo.

Taa haiwaki, au imewaka mara moja ikafa

Imekufa mara moja: hukutia rezista, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme. LED nyeupe inataka kama volti 3, reli inatoa mpaka 12. Toa 3 kwenye 12 inabaki 9, gawa kwa rezista ya omu 1000 unapata miliampia 9, inatosha kabisa. Kwa DCC volti zinazidi kidogo lakini hio hio 1000 inafaa, na kama mwanga unaumiza macho panda mpaka 2200.

Haikuwaka kabisa: geuza nyaya, LED ina upande. Kwenye umeme wa kawaida wa DC, usio wa DCC, itawaka treni ikienda upande mmoja tu, hapo hakuna ubovu.

Inawaka na kupepesa: magurudumu machafu, futa kwa spiriti. Mwanga unapenya kwenye ukuta wa bodi: paka rangi nyeusi kwa ndani. Zile LED ndogo kama chembe ya mchele usijitese nazo kama huna lenzi na mkono, fundi simu yeyote mzuri anaunga nyaya zake kwa muda mfupi kwa sababu anafanya kazi ndogo kuliko hiyo kila siku.

Rangi inatoka kwenye vipande vya shaba

Hakuna praima, ile rangi ya mwanzo ya kushikia, au kuna praima juu ya mafuta. Sugua kwa ndimu au siki, suuza sana maana asidi ilobaki itakula, kausha, praima ya metali, tabaka jembamba jembamba. Nusu saa ya haraka hapa inarudisha kazi yote nyuma.

Bodi inafura au inapasuka baada ya miezi

Hii wengi hawaijui. Mtu kaona kichwa chepesi, kachukua chubwi za mshipi kwa wavuvi, zile ndogo, kazijaza ndani ya boila na kuzishika kwa gundi nyeupe ya mbao. Risasi pamoja na asidi inayotoka kwenye gundi ile, ukiongeza unyevu, inageuka unga mweupe na ule unga unachukua nafasi kubwa kuliko risasi yenyewe, basi boila linasukumwa kutoka ndani mpaka linapasuka. Ukiona mshono unafunguka kidogo, fungua leo leo, toa zote ukiwa na glavu, futa ule unga kwa kitambaa chenye maji na usiupulize wala usiukwangue mkavu. Uzito mpya ushike kwa epoksi ya kuchanganya au tepu ya pande mbili. Risasi usiiyeyushe jikoni, usiiache watoto wanapofika, na nawa mikono kabla hujagusa chakula.

Ila kama kilofura ni chasi yenyewe ya metali kwenye kichwa cha zamani, imepata mipasuko midogo midogo na inamomonyoka, hiyo ni metali yenyewe imeoza tokea ilivomiminwa kiwandani. Haina gundi wala fundi. Okoa mota, magurudumu na vikorokoro vyako ukitafutie chasi nyengine.

Gundi imekupata wewe

Vidole vikishikana usivute, loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni uviringishe pole pole. Super gluu ikimwagika kwenye nguo ya pamba, kanga au kanzu, vua haraka, inapata moto kiasi cha kuunguza ngozi. Na ikiingia jichoni usijaribu kufungua kope kwa nguvu wala kutia asitoni, osha kwa maji mengi na nenda hospitali hapo hapo.